Nyumba Yako Huenda Isiwe Nyumbani Kwako

Katika sarufi ya Kiswahili, "nyumba yangu" na "nyumbani kwangu" ni mambo mawili mbalimbali. La kwanza hutaja mali. La pili hutaja mahali. Kiambishi kidogo "-ni" kikiongezwa, upatanisho wa kisarufi hubadilika, na maana nayo hubadilika. Mtu aweza kumiliki nyumba kumi, lakini nyumbani kwake pakawa mahali pamoja tu. Wanafunzi wangu wa isimu hudhani kwamba tofauti hii ni ya vitabuni. Leo nataka kuonyesha kuwa kwa mume na mke wanaotaka kuuza nyumba yao ya pili, tofauti hiyo hugharimu mamia ya maelfu ya shilingi.

Nazungumzia ushuru wa faida itokanayo na mauzo ya mali. Nimelichagua neno "ushuru" makusudi, kwani nikisema "kodi ya nyumba" wengi watadhani nina maana ya pesa ambazo mpangaji humlipa mwenye nyumba kila mwezi. Ushuru huu si mgeni nchini. Ulianzishwa mwaka wa 1975, ukasimamishwa mwaka wa 1985, kisha ukarejeshwa Januari 2015 kwa kiwango cha asilimia 5. Tangu Januari 2023 kiwango ni asilimia 15. Mlipaji ni muuzaji, wala si mnunuzi.

Sheria, hata hivyo, imeacha milango kadhaa wazi. Uhamisho wa mali kati ya mume na mke hautozwi. Ardhi ambayo mtu binafsi anaiuza kwa bei isiyozidi shilingi milioni 3 haitozwi, na mashamba madogo ya kilimo yaliyo nje ya miji nayo yamesamehewa. Mlango unaotuhusu hapa ni ule wa makao: nyumba husamehewa ikiwa mmiliki mwenyewe ameishi humo mfululizo kwa miaka 3 inayotangulia mauzo moja kwa moja. Kwa lugha yetu, sheria haiulizi, "Je, nyumba hii ni yako?" Inauliza, "Je, hapa ni nyumbani kwako?"

Hapo ndipo penye utata, kwa sababu Mkenya akiulizwa nyumbani kwake ni wapi, aghalabu hataji mahali anapolala. Hutaja walikozaliwa wazazi wake, walikozikwa babu zake, na anakotumaini kurudi akistaafu. Sheria haitambui "nyumbani" ya namna hiyo. Inatambua kitanda na sufuria.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mume na mke walio walimu. Wana nyumba mbili, moja mjini Nakuru na nyingine kijijini Busia. Waliishi Nakuru hadi mwaka wa 2018, wakati sera ya kuwahamisha walimu mbali na kaunti zao ilipoanza kutekelezwa. Mume akapelekwa kusini, mke magharibi. Nyumba ya Nakuru ikapewa mpangaji. Ile ya kijijini huwaona wakati wa likizo. Wao wenyewe wamepanga vyumba karibu na shule zao. Sasa wanataka kuiuza nyumba ya Nakuru ili walipe karo ya watoto. Wana nyumba mbili, wala hawana makao hata moja machoni pa sheria.

Hesabu yao ni hii. Kiwanja kiligharimu shilingi 400,000, ujenzi 2,600,000, ua na tangi la maji 300,000, na ada za wakili pamoja na ushuru wa stempu 200,000. Jumla ni 3,500,000. Wanauza kwa 9,500,000, na wakala na wakili wanachukua 400,000. Faida ni 5,600,000, na asilimia 15 yake ni shilingi 840,000. Kwa kiwango cha awali wangalilipa 280,000.

Lakini je, stakabadhi za ujenzi zikiwa zimeliwa na mchwa? Wasipoweza kuthibitisha zile 2,600,000, faida itahesabiwa kuwa 8,200,000, na ushuru utafika 1,230,000. Makaratasi yaliyopotea yamewagharimu shilingi 390,000. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Kwa takriban miaka 30 ushuru huu ulipokuwa umelala, watu wengi hawakuona haja ya kuhifadhi risiti ya saruji. Haja hiyo sasa ipo, na daftari lazima lijulikane na wote wawili. Isitoshe, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka wa 2013 haimruhusu mmoja wa wanandoa kuuza mali ya ndoa bila idhini ya mwenzake. Anayetakiwa kuidhinisha mauzo ana haki ya kuijua hesabu.

Sipingi ushuru. Shule tunamofundisha hujengwa kwa ushuru. Ninalopinga ni mambo mawili. Kwanza, shilingi ya mwaka wa 2004 si shilingi ya leo, ilhali hesabu hii huzilinganisha kana kwamba ni pacha. Sehemu ya kile kinachoitwa faida ni kupanda kwa bei tu. Pili, mtumishi wa umma aliyeondolewa nyumbani kwake kwa barua ya uhamisho hapaswi kuhesabiwa sawa na mtu aliyejenga nyumba kwa ajili ya biashara. Bunge laweza kurekebisha yote mawili kwa vifungu vichache.

Aidha, Katiba ya mwaka wa 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini sheria za ushuru bado hutungwa kwa Kiingereza. Laiti zingeandikwa pia kwa Kiswahili, mtunzi wake angelazimika kuchagua waziwazi kati ya "nyumba" na "nyumbani". Mwananchi naye angelijua jibu kabla hajatia sahihi mkataba wa mauzo, badala ya kuliona katika hati ya malipo.