Wimbo wa Uhura: Maoni ya Wasomaji na Mizani ya Fasihi Simulizi

Utangulizi

Mnamo Januari 1985 kampuni ya Pocket Books ya Marekani ilichapisha riwaya iitwayo Uhura's Song, yaani Wimbo wa Uhura, iliyotungwa na Janet Kagan (1946–2008). Riwaya hiyo ilikuwa ya 21 katika mfululizo wa vitabu vilivyotokana na Star Trek, mchezo wa televisheni ulioonyeshwa Marekani kuanzia 1966 hadi 1969. Vitabu vya namna hii huchota wahusika na mandhari kutoka televisheni, kisha huwatungia visa vipya. Wanazuoni wengi huvipita bila kuvitupia jicho. Hata hivyo, riwaya hii imedumu vinywani mwa wasomaji wake kwa miongo kadhaa, na maoni yao juu yake yamegongana. Makala haya yanakusudia kuyaeleza maoni hayo, na kuonyesha kwamba mgongano huo unaweza kusuluhishwa kwa mizani ambayo wengi wa wasomaji hao hawakuitumia, nayo ni mizani ya fasihi simulizi.

Ili hoja isielee hewani, tutamfikiria msomaji mmoja aketiye Ndabibi, uwanda ulio magharibi ya Ziwa Naivasha, karibu na milima ya Eburru. Uchaguzi huu una sababu. Jina la mhusika wa riwaya lina asili yake katika siasa za Afrika Mashariki. Na kisa chenyewe, ijapokuwa kimewekwa katika sayari za mbali, kinafanana na jambo ambalo ardhi ya Ndabibi inalijua.

Safari ya jina

Neno uhuru lilitokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mtu asiye mtumwa, nasi tukalitia kiambishi u- cha dhana. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 likawa mwito wa siasa katika nchi zetu. Mwaka 1962 Robert Ruark, mwandishi wa Kimarekani, alilitwaa likawa jina la riwaya yake juu ya Kenya ya walowezi iliyokuwa ikikaribia kujitawala. Mwaka 1966 mwigizaji Nichelle Nichols, aliyefariki 2022, alikuwa na kitabu hicho alipokwenda kufanyiwa majaribio ya Star Trek. Hapo ndipo lilipopatikana jina la afisa wa mawasiliano wa chombo cha angani Enterprise. Irabu ya mwisho iligeuzwa ili jina lilainike, nalo likawa Uhura.

Mwanaisimu atatambua mara moja kwamba badiliko hilo halikufuata kanuni zetu. Kiswahili hakipambanui mwanamume na mwanamke kwa irabu ya mwisho. Hiyo ni desturi ya baadhi ya lugha za Ulaya. Aidha, jina la kwanza la mhusika huyo, Nyota, halikuwemo katika mchezo wa awali. Lilitokea katika kitabu cha William Rotsler cha mwaka 1982, na wapenzi wa mchezo hupenda kulifasiri jina zima kuwa “nyota ya uhuru”. Lakini ili maana hiyo ipatikane, sarufi yetu inadai a-unganifu, ambayo katika jina hilo haipo.

Pamoja na hayo, Kiswahili hakikuishia katika jina tu. Katika kipindi kiitwacho The Man Trap, cha mwaka 1966, kiumbe mwenye uwezo wa kujigeuza sura anamwendea Uhura na kumsemesha kwa Kiswahili. Katika kipindi kiitwacho The Changeling, cha mwaka 1967, kumbukumbu zake zinafutwa na mtambo, hata inambidi afundishwe upya kusoma Kiingereza. Akiudhika na somo, Kiswahili ndicho kinachomtoka. Lugha ya kwanza imesalia pale elimu iliyopatikana baadaye ilipofutika. Wazo hili, kwamba lugha na kumbukumbu vimefungamana, ndilo Kagan alilolikuza.

Kisa kwa muhtasari

Ugonjwa wa kufisha umezuka katika sayari ya Eeiauo, ambayo wakazi wake wana umbo la paka, na binadamu pia wanaambukizwa. Hapo zamani Uhura alikuwa amefanya urafiki na Sunfall, mjumbe wa watu hao, wakawa wakibadilishana nyimbo. Miongoni mwa nyimbo hizo zilikuwemo za kale ambazo wenyewe walizihesabu kuwa mwiko. Katika nyimbo hizo inagunduliwa siri kwamba watu wa Eeiauo si wenyeji wa sayari yao. Walitoka kwingine, na huenda huko kwingine dawa inajulikana.

Chombo kinaongozwa na nyimbo hata kikafika Sivao. Wenyeji wa huko hawataki kuzungumza habari za ndugu zao waliohama. Tena, kwa mila yao, asiyepita jaribio la kuingia utu uzima huhesabiwa kuwa mtoto. Kwa hiyo wageni, Kapteni Kirk akiwa mmoja wao, hawana budi kwenda porini pamoja na vijana. Msomaji aliyekulia miongoni mwa watu wenye jando hataona ajabu katika sharti hilo.

Makundi matatu ya maoni

Kundi la kwanza la wasomaji huisifu riwaya kwa jinsi ilivyoujenga utamaduni wa watu wale. Husema kwamba hawa si binadamu waliovikwa manyoya, maana wana adabu zao, mizaha yao, aibu zao, na ishara zao za mkia na masikio. Sifa hii ni ya haki. Kagan alikuwa mwandishi aliyevutiwa na lugha, na riwaya yake nyingine, Hellspark, ya mwaka 1988, inahusu hasa tofauti za lugha na mila baina ya viumbe.

Kundi la pili hulalamikia mhusika mmoja, Evan Wilson, daktari mgeni chomboni. Husema kwamba anajua kila kitu, anapendwa na kila mtu, na kila mlango humfungukia. Wasomaji wa vitabu hivi wana jina la mhusika wa aina hiyo, Mary Sue, lililotokana na hadithi fupi ya dhihaka iliyoandikwa na Paula Smith mwaka 1973.

Kundi la tatu husikitika kwamba jina la kitabu limewaahidi Uhura, lakini mara kwa mara Wilson ndiye anayetamba mbele ya hadhira. Malalamiko haya ni mazito, kwa kuwa katika televisheni yenyewe Uhura alipewa nafasi finyu, na wasomaji walitumaini kwamba kitabu kingemlipa deni lake.

Kanuni ya utanzu

Ili tuwatendee haki watu wa kundi la pili na la tatu, yafaa tuikumbuke kanuni inayotawala utanzu huu. Wahusika wakuu si mali ya mtunzi wa riwaya. Hawezi kuwaua, kuwaoza wala kuwabadilisha tabia. Ukurasa wa mwisho ukifika inampasa kuwarudisha kwa mwenyewe kama alivyowakuta. Ndiyo sababu watunzi wengi huleta mgeni ambaye wanaweza kumtenda watakavyo, na mgeni huyo huelekea kukivuta kisa upande wake. Wilson ni tunda la kanuni hiyo. Hata hivyo, kanuni hiyo haimlazimishi mtunzi kumfanya mgeni awe hodari kuliko wote. Kwa hiyo lawama ya wasomaji, japo inapungua, haiishi.

Kanuni yenyewe si ngeni kwetu. Sungura wa ngano zetu hazeeki wala haongoki; humdanganya fisi leo, na kesho huanza upya. Watazamaji wa michezo ya Kenya kama Vitimbi na Vioja Mahakamani wameizoea hali hiyo hiyo. Katika masimulizi ya namna hii hatumuulizi mhusika amekuwaje, bali tunauliza ni hekima gani imefichuka safari hii.

Wimbo wa nani?

Hapa ndipo tunapoifikia hoja yetu. Tukilifasiri jina la kitabu kwa Kiswahili tunapata “Wimbo wa Uhura”, na a-unganifu hiyo ina maana zaidi ya moja. Waweza kuwa wimbo alioutunga Uhura, au wimbo unaomsifu Uhura, au wimbo aliopewa Uhura autunze. Kundi la tatu limeshika maana ya pili, ndipo likajiona limedanganywa. Lakini kisa kinaegemea maana ya tatu. Uhura ni mlinzi wa nyimbo za watu wengine, na bila ya kumbukumbu yake safari isingeanza. Katika fasihi simulizi kazi hiyo si ndogo, kwa kuwa asiyepokea na kuhifadhi huikata minyororo ya urithi.

Wala wimbo unaoficha maarifa si uzushi wa kigeni. Fumo Liyongo alipokuwa gerezani, kama isimuliwavyo katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, alimtuma kijakazi Saada kwa mama yake kwa maneno ya wimbo, ili atiliwe tupa ndani ya mkate. Askari waliusikia wimbo huo wasiujue. Katika riwaya ya Kagan, wenye nyimbo wenyewe wamekuwa kama askari wale: wanazisikia, bali ufunguo wake wameupoteza.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Katika riwaya wimbo huongoza chombo bila ya kukosea sana. Katika historia mambo ni magumu zaidi. Mapokeo ya Wamijikenda yanataja Shungwaya kuwa chimbuko lao, na wanahistoria wamebishana kwa miaka mingi kama ni kumbukumbu ya safari ya kweli au ni masimulizi yaliyotungwa baadaye ili kuunganisha jamii. Wimbo ni ushahidi, na kila ushahidi huhojiwa.

Msomaji wa Ndabibi

Sasa turudi Ndabibi. Uwanda ule ulikuwa malisho ya Wamaasai. Mkataba wa 1904 uliwaondoa katika sehemu za Naivasha na Nakuru ili walowezi wapewe ardhi. Waliopelekwa Laikipia walihamishwa tena kufuatia mkataba wa 1911. Majina yalibaki. Naivasha ni matamshi ya wageni ya neno la Kimaasai linaloeleza maji yanayochafuka huku na huku. Baadaye walikuja wakulima wadogo wa makabila mbalimbali, kila mmoja na nyimbo zake, na Kiswahili kikawa lugha ya kukutania.

Msomaji wa hapo hatauliza kwanza kama Wilson amepewa kurasa nyingi mno. Atawaona watu waliotengwa na chimbuko lao, na ndugu wasiotaka kuwataja. Kisha huenda akajiuliza ni nani katika uwanda wake anayezijua nyimbo za waliohamishwa, na za waliohamia, na katika lugha gani. Swali hilo linatuhusu sisi walimu kuliko linavyomhusu yeye. Kiswahili kinachowaunganisha vijana wa Ndabibi chaweza kuwa chombo cha kuzihifadhi nyimbo hizo kwa tafsiri na maelezo. Chaweza pia kuwa sababu ya kuzisahau, iwapo tutaridhika kwamba maadamu wanaelewana, yatosha.

Hitimisho

Tumeona kwamba sifa za kundi la kwanza ni za haki, kwamba lawama ya kundi la pili hueleweka zaidi tukiijua kanuni ya utanzu, na kwamba masikitiko ya kundi la tatu yanatokana na kulisoma jina la kitabu kwa maana moja tu. Tunapendekeza kwamba atakayeifasiri riwaya hii kwa Kiswahili aliache jina Uhura kama lilivyo, asilirudishe kuwa Uhuru, kwa kuwa ile irabu iliyogeuzwa ni alama ya safari ambayo neno letu limekwenda. Na kabla ya tafsiri hiyo, wanafunzi wetu na wapewe daftari na vinasa sauti, waende Ndabibi na kwingineko wakawasikilize wazee. Sunfall alipata mtu wa kumwimbia. Wazee wengi wa kwetu wangali wanamngoja.