Malipo ya Kugusisha Simu: Nani Anakula Makato? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi simu inavyozungumza na mashine ya dukani kwa mawimbi yasiyovuka sentimita chache. Leo tugeukie fedha: kampuni ya simu inapata nini hapo? Malipo yale hayapiti kwenye minara yake. Yakishaingia kwenye mashine, njia iliyobaki ni ya benki na kampuni za kadi. Hata bando hayali.

Ilibidi basi itafutwe sehemu ya kutozea, nayo ikapatikana kwenye laini. Kadi ya laini ni mali ya kampuni, na chipu yake inaweza kutunza siri. Mwenye funguo za chipu hiyo ndiye anayeamua kadi ya benki gani iwekwe ndani. Benki ikitaka chumba, ilipe pango.

Nchini Marekani, AT&T, Verizon na T-Mobile ziliungana Novemba 2010 zikaunda Isis. Mwanzoni zilitaka makubwa zaidi: kujenga mtandao wao wa malipo pamoja na kampuni ya kadi ya Discover, zimege makato anayokatwa mwenye duka kila mteja anapolipa. Haukupita mwaka zikanywea. Visa na Mastercard zilishaota mizizi, ikabaki biashara ya kupangisha chipu. Desemba 2011, Verizon ilipoanza kuuza simu ya Galaxy Nexus, Google Wallet, programu ya Google ya kulipia kwa kugusisha simu, haikuwamo. Maelezo ya Verizon yalihusu usalama wa chipu. Mimi naona mpinzani alifungiwa mlango tu.

Lakini Android 4.4 ya mwaka 2013 iliruhusu programu ya kawaida kujifanya kadi bila kuigusa chipu ya laini. Oktoba 2014 ikaja Apple Pay, ikitumia chipu ambayo Apple yenyewe imeiweka ndani ya iPhone. Kwa taarifa za wakati ule, Apple ilizitoza benki senti 15 kwa kila dola 100 za kadi ya mkopo. Pango lile lile, mwenye nyumba mwingine! Isis, iliyokwishabadili jina kuwa Softcard ili isichanganywe na kundi la wapiganaji lenye jina hilohilo, iliuza teknolojia yake kwa Google Februari 2015, ikafungwa Machi 31.

Cha ajabu, M-Pesa ya Safaricom ilianza Machi 2007 kwa menyu iliyokaa kwenye laini hiyohiyo, na ikashamiri. Wakenya wengi hawakuwa na kadi ya benki, kwa hiyo hapakuwa na mtandao wa kushindana nao. Fedha za wateja zinakaa benki, lakini daftari la nani ana kiasi gani analo mwenye laini. Anakata unapotuma, anakata mpokeaji anapotoa kwa wakala, na kamisheni ya wakala inatoka humohumo.

Wiki ijayo tutakwenda Japani, ambako kampuni ya simu ya DoCoMo, badala ya kusubiri pango, ilinunua hisa ndani ya kampuni ya kadi.