Tronsonezi ya batri au ya esanse? Hesabu ya mkulima wa Butembo na Beni

Asubuhi ya ukungu katika milima ya Lubero, mlio wa tronsonezi unavuka mabonde na kufika kilima cha pili. Anayeusikia anajua mengi bila kutoka nyumbani: kuna mtu anapasua mbao, yuko upande gani, na labda hata mti anaoukata ni wa nani. Mlio huo ni wa esanse. Lakini kwa miaka ya karibuni viwanda vya Ulaya, Marekani na China vinatoa mashine nyingine ya kazi hiyo hiyo. Haina moshi, haina kamba ya kuvuta, haihitaji jerikeni, na mlio wake ni mdogo. Ni tronsonezi ya batri.

Huko ng'ambo watu wanabishana juu ya mashine hizi mbili kwa sababu ya hewa chafu na kelele za jirani. Katika jimbo la California, tangu tarehe 1 Januari 2024, kampuni haziruhusiwi tena kutengeneza kwa soko la huko mashine mpya ndogo za bustani zinazotoa moshi. Tronsonezi kubwa za senti-kubiki 45 na zaidi hazikuguswa na sheria hiyo. Kwa mtu wa Butembo, Mutwanga au Mangina, mabishano yanaanzia mahali pengine. Yeye anataka kujua ni mashine gani itampunguzia watu wa kuwategemea kabla ya kuangusha mti wake mwenyewe.

Na mti ni wake kweli. Sheria ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 inasema misitu ni mali ya Serikali, lakini kifungu chake cha 9 kinatenga jambo moja muhimu: miti iliyo kijijini au katika shamba ni mali ya kijiji au ya mwenye shamba, na anaweza kumuuzia mtu mwingine. Wakulima wengi hawajawahi kuisoma sheria hiyo, ila wanaishi kwayo. Katika usultani wa Baswagha na ule wa Bashu, mistari ya mikaratusi inapanda milimani kama uzio. Mti huo unatoa sitiki za kujengea, mbao, kuni za kuchomea matofali na makala ya jikoni. Unaonyesha pia kwamba shamba lina mwenyewe. Shule zinapofunguliwa na minervali inadaiwa, baba wa familia anahesabu shina zilizonenepa na kuita mpasuaji.

Hapo ndipo utegemezi unapoanza, kwa kuwa wenye miti ni wengi kuliko wenye mashine. Mpasuaji anakuja na tronsonezi yake, na malipo yanakuwa makuta au sehemu ya mbao. Esanse nayo imetoka mbali. Sehemu kubwa inashuka melini huko pwani ya Kenya, inavuka Uganda, inaingia kupitia Mpondwe na Kasindi, inapanda kwa barabara ya taifa namba 4 hadi Beni, kisha inaendelea kilomita 54 hadi Butembo. Mwisho wa safari iko katika chupa na vidumu vya vijana wanaoitwa Kadhafi, kando ya barabara. Kila barieri njiani ina mtu wa kulipwa. Barabara ya Kasindi ikifungwa kwa sababu ya vita, mvua au mgomo, bei kwa Kadhafi inapanda siku hiyo hiyo, na mti wa karatusi unabaki umesimama.

Juu ya esanse kuna mafuta ya kuchanganya. Mashine hizi za mizunguko miwili hazina mahali pake pa mafuta ya injini. Yanachanganywa na esanse yenyewe: mililita 100 kwa litri 5 kama mafuta ni mazuri, na mara mbili ya hapo kwa mafuta ya kawaida. Anayekosea kipimo kwa kubana makuta anaua pistoni. Mnyororo nao unataka mafuta yake, na wengi wanauwekea yale meusi ya vidanji kutoka magarini, ambayo mwishowe yanamwagika shambani.

Kwa nini basi esanse bado ni mfalme? Inatosha kumtazama mpasuaji kazini. Gogo limelala juu ya vizingiti viwili. Wawili wanavuta kamba iliyopakwa weusi, wanaipiga juu ya gogo, na mstari ulionyooka unabaki. Mara nyingi weusi huo ni unga uliotolewa ndani ya batri kuukuu za redio, na mpaka leo hiyo ndiyo batri pekee ambayo kazi ya mbao imeizoea. Kisha mashine inawashwa na mtu anafuata mstari kwa mkono, bila meza wala reli, hadi gogo linakuwa madriye na mbao. Mashine inayojulikana sana kwa kazi hii katika Afrika ya Kati ni Stihl 070. Ina zaidi ya senti-kubiki 105, nguvu ya kilowati 4.8 hivi, na uzito wa kilo karibu 11 kabla ya kufungwa chuma cha mnyororo. Kupasua gogo kwa urefu ni kazi nzito kuliko kulikata vipande, kwa sababu meno yanakula mbao kwa dakika nyingi mfululizo bila kupumzika.

Hesabu ya nishati haimpendelei mwenye batri. Litri moja ya esanse ina kama kilowati-saa 9. Injini ndogo inapoteza sehemu kubwa kwa joto na moshi, hivyo kazi inayofika kwenye mnyororo ni kama kilowati-saa 2, au pungufu. Batri nzuri ya tronsonezi ya mafundi ina kilowati-saa 0.3 hivi. Hata kama motori ya umeme haipotezi sana, mtu atahitaji batri saba au nane kufanya kazi ya litri moja. Nguvu ya 070 ikidaiwa kwa batri moja ya aina hiyo, itaimaliza kwa dakika nne. Mpasuaji anayemaliza litri kadhaa kwa siku, ndani ya msitu na mbali na nyumba, angehitaji mtu wa kubeba batri peke yake, na mahali pa kuzichaji jioni.

Ajabu ni kwamba umeme ulitangulia. Tronsonezi ya kwanza ya Andreas Stihl, huko Stuttgart mwaka 1926, ilikuwa ya umeme, nzito hadi ikahitaji watu wawili. Ya esanse ilifuata mwaka 1929. Wakati huo kilichoishinda mashine ya umeme ni waya: mti ulio porini hauna mahali pa kuchomeka. Batri imeondoa waya, lakini swali la mahali pa kuchaji limebaki pale pale kwa kijiji kisicho na umeme.

Hata hivyo, si kila mti ni gogo la libuyu kutoka misitu ya Ituri. Mkulima wa kakao wa Watalinga au wa Mutwanga hapasui madriye. Anapogoa matawi, anaondoa mti wa kivuli uliozidi, anakata kuni. Mwenye kahawa milimani ana kazi ya namna hiyo, kufufua miti iliyozeeka kwa kuikata karibu na ardhi. Hizi ni kazi za kukata na kuacha, dakika moja hapa na nusu dakika pale, na hapo mashine ya batri ina faida ya wazi. Haili kitu wakati mtu anatembea kutoka mti hadi mti. Haiwashwi kwa kuvuta kamba mara ishirini, jambo ambalo mwanamke anayelima peke yake, au mzee mwenye bega bovu, anajua gharama yake. Sitiki za karatusi zenye unene wa mkono au wa paja nazo zinaangushwa bila taabu.

Mutwanga ina bahati nyingine. Tangu 2013 kuna mtambo mdogo wa maji uliojengwa kwa mradi wa Hifadhi ya Virunga, chini ya mlima Ruwenzori, na umeme wake umewasha nyumba na viwanda vidogo. Kwa mkulima aliye karibu na nguzo zake, kuchaji batri mbili usiku ni jambo dogo. Katika vijiji vingi vya Lubero, ambako nguzo haijafika, inabaki pano ya jua. Pano ya wati 100 inaweza kujaza batri ya wati-saa 300 kwa saa nne au tano za jua kali, ikiwa kuna batri kubwa ya kuhifadhi na konvertiseri ya kutoa volti 220. Lakini milima ya Butembo iko kwenye mita kama 1,700 na zaidi, na ukungu wa asubuhi hauna haraka. Katika msimu wa mvua, mkulima atachagua: tronsonezi, au taa na simu.

Kelele ni habari nyingine, na katika Beni si habari ya starehe. Tangu Oktoba 2014 waasi wa ADF wanaua raia katika wilaya hii, na wengi wanakutwa mashambani na msituni. Mwenye kupasua mbao akiwa amezibwa masikio na injini yake hasikii tawi linalovunjika nyuma yake, wala jirani anayemwita akimbie, na mlio unamtangaza kwa kila aliye karibu. Mashine ya batri inanyamaza mtu anapoachia kidole, na kati ya mkato na mkato anasikia msitu. Kwa anayerudi kuvuna kakao kwenye shamba alilolikimbia, hilo lina uzito kuliko bei ya esanse. Haimaanishi kwamba mashine inamlinda. Inampa tu masikio yake.

Lakini kelele hiyo hiyo inalinda miti. Mwizi wa karatusi anaogopa tronsonezi ya esanse kwa sababu kilima kizima kitaamka. Walinzi wa Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, wanaweza kuwafuata wakataji haramu kwa kufuata mlio, na huko Indonesia na Brazil watu wamefunga vifaa vya kusikiliza juu ya miti ili vitoe habari tronsonezi ikilia. Mashine isiyosikika mbali ni zawadi kwa mwizi pia. Kijiji kitakachoikaribisha kitalazimika kulinda miti yake kwa njia nyingine, na wazee wa Bashu wanaojua mipaka ya mashamba kwa kichwa hawatafurahi kuambiwa hivyo.

Uhuru mwingine hauonekani siku ya kununua. Tronsonezi ya esanse ikigoma, mwenyewe anafungua bujia, anaisugua, anasafisha karburateri, ananoa mnyororo kwa tupa. Ikishindikana anaibeba kwa pikipiki hadi Butembo, ambako fundi ataifungua mezani na kutafuta piesi, mpya au iliyotolewa kwenye mashine iliyokufa. Mashine inaishi miaka mingi kwa viraka. Batri ya lithiamu ina chembe nyingi zilizofungwa pamoja na kadi ndogo ya umeme inayozichunga. Kadi ikikataa, mashine nzima inakuwa chuma kimya, na kila kampuni ina batri yake isiyoingia kwenye mashine ya kampuni nyingine. Baada ya mamia kadhaa ya kuchajiwa batri inachoka, na ya kubadilisha inaweza kufikia bei ya mashine yenyewe.

Kuna kejeli ndani yake. Batri nyingi za aina hii zina kobalti, na kama asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo hii hii, upande wa Lualaba. Inaondoka, inapita China, na inaweza kurudi Kasindi ikiwa ndani ya boksi la rangi ambalo fundi wa Butembo hana kifaa cha kulifungua. Wafanyabiashara wa mji huo, waliozoea njia za Dubai na Guangzhou, hawatakosa kuzileta tronsonezi hizo ndogo. Kazi ngumu itakuwa kuleta pia chembe za kubadilisha na kijana aliyefundishwa kuziunga bila kuchoma atelie.

Kwa sasa, mwenye mikaratusi thelathini iliyokomaa bado atamwita mpasuaji wa esanse, kwa siku mbili au tatu, na kulipa. Mwenye hekta moja ya kakao karibu na umeme ana sababu nzuri ya kufikiria batri, hasa kama majirani wanne au watano watachanga makuta kwa mashine moja na batri tatu. Asiye na umeme anaweza kwenda kwenye kibanda cha kuchaji simu kilicho karibu na soko. Batri moja ya tronsonezi inakunywa umeme wa simu ishirini hivi. Mwenye kibanda atataka kulipwa bei ya simu ishirini, na mapatano yataanzia hapo.