Jinsi Vijidudu vya Malaria Vinavyokufa

Na mwanafunzi wa Kidato cha III

Muhula uliopita niliugua malaria mara mbili, na mara ya pili kosa lilikuwa langu mwenyewe. Nilipewa dawa ya mseto, vidonge 24 vya kumeza kwa siku tatu. Siku ya pili jioni homa ilikuwa imekwisha na kichwa kilikuwa chepesi, nami nikadhani vijidudu vyote vimekwisha kufa. Vidonge 8 vilivyobaki nikavifungia sandukuni. Majuma matatu baadaye nilikuwa kitandani tena, nikitetemeka chini ya mablanketi mawili, na wenzangu wako katika mtihani wa hisabati. Ndipo nilipotaka kujua: je, kijidudu hiki hufaje, na kwa nini vingine havikufa? Niliyoyapata kwa mwalimu wetu wa bayolojia na katika vitabu nawaandikia hapa.

Kijidudu cha malaria huletwa na mbu jike wa anofelesi. Hupitia inini kwanza, kisha huvamia chembe nyekundu za damu. Ile aina inayotusumbua zaidi katika Afrika hukaa ndani ya chembe muda wa saa 48 hivi, ikila na kukua, kisha hugawanyika, huipasua chembe, na watoto wake zaidi ya kumi hutafuta chembe mpya. Homa na baridi ile tuijuayo hutupata wakati wa kupasuka huko.

Chakula chake ni himoglobini, na hapa ndipo pana siri yote. Himoglobini ina protini, ambayo kijidudu hula, na ina hemu, yaani sehemu yenye chuma, ambayo kwake ni sumu kali. Mama zetu hawapiki muhogo mchungu ovyo. Huuloweka na kuuanika kwanza ili sumu itoke. Kijidudu nacho kina ufundi wake. Ndani ya kifuko chake cha chakula huigandisha hemu iwe fuwele ndogo za rangi ya kahawia, zisizokidhuru. Mwaka 1880 daktari Mfaransa Alphonse Laveran, alipokuwa Algeria akichunguza damu ya askari wagonjwa, alifuata punje hizo za rangi kwa hadubini, akagundua kwamba zimo ndani ya kiumbe hai.

Klorokwini, dawa waliyoinywa sana babu zetu, iliingia katika kifuko hicho na kuzuia hemu isigande. Sumu ikajaa, ikatoboa ngozi ya kijidudu, nacho kikafa kwa mlo wake mwenyewe. Lakini vikatokea vijidudu vyenye mlango uliobadilika, vilivyoweza kuitoa dawa nje ya kifuko upesi. Tanzania iliacha kuitumia klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, na mwaka 2006 ikaanza kutumia mseto huu wa sasa.

Mseto una dawa mbili, artemeta na lumefantrini. Artemeta hutengenezwa kwa artemisinini, ambayo wataalamu wa China, akiwamo mama Tu Youyou, waliitoa katika mmea wa artemisia mwaka 1972. Naye alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa hii huingia mwilini kama njiti ya kiberiti isiyowashwa. Hemu yenye chuma, iliyotoka katika mlo wa kijidudu, ndiyo inayoiwasha, nayo huunguza protini za kijidudu pande zote kwa mara moja. Kijidudu chenye kula sana huungua sana. Kichanga, ambacho bado hula kidogo, chaweza kusinzia na kungoja dawa ipite, maana artemeta haikai damuni ila saa chache. Katika Rwanda, Uganda na mkoa wetu wa Kagera vimekwisha kuonekana vijidudu vinavyosinzia hivyo kuliko desturi.

Sasa tufanye hesabu, ingawa ile ya mtihani ilinipita. Katika kila mzunguko wa saa 48 dawa hii huweza kubakiza kijidudu kimoja katika kila 10,000. Mgonjwa mwenye vijidudu bilioni 100 hubaki na milioni 10. Hao ni wachache mno kuleta homa, na mwenye nao hucheza mpira! Mzunguko wa pili hubakiza 1,000, na hao ni kazi ya lumefantrini, ambayo hukaa mwilini siku nyingi. Mimi niliiacha njiani. Tena lumefantrini yataka chakula chenye mafuta ndipo iingie damuni vizuri, nami nilikuwa nikiimeza kwa chai ya rangi.

Mara ya pili nilimeza vyote 24, pamoja na maziwa au karanga. Maiti za vijidudu husafishwa na wengu, ambao wengine huuita bandama. Chembe nyekundu zinapopita humo katika vijia vyembamba, wengu huweza kukinyofoa kijidudu kilichokufa na kuiacha chembe iende zake nzima.

Nilipokwenda kupimwa tena, mtaalamu wa maabara aliniruhusu nitazame hadubini. Zile pete ndogo za zambarau alizonionyesha siku ya kuugua hazikuwapo. Ila ndani ya chembe moja nyeupe ya damu palikuwa na punje ya rangi ya kahawia, makombo ya chakula chao.