Imani Iliyotangulia Dawa

Wako wasemao kwamba imani ni ya msikitini na kanisani tu. Lakini iko imani nyingine isiyomwuliza mtu dini yake: kwamba mwanadamu aweza kulishinda jambo gumu kwa juhudi zake mwenyewe. Wananchi wa Bukoba na Muleba wanaijua, maana waliihitaji siku ambazo hawakuwa na silaha nyingine.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo za magendo kutoka Uganda, na wengine walidhani ni uchawi. Mazishi yakafuatana, vibanja vya migomba na kahawa vikamezwa na magugu, na mabibi wazee wakaanza upya kazi ya kulea. Utafiti wa mwaka 1987 ulionyesha kwamba asilimia 24.2 ya watu wazima mjini Bukoba walikuwa na virusi. Wilayani Muleba, asilimia 10.

Dawa haikuwapo. Ilikuwa rahisi kusema, kama walivyosema baadhi ya vijana nchini, kwamba hiyo ni "ajali kazini". Kauli hiyo ilikuwa adui wa pili, kwani aliyekwisha kujihesabu maiti haoni sababu ya kujilinda.

Hata hivyo wengi walikataa. Walizungumza hadharani mambo ambayo mila iliyafunika, nao wakabadili mienendo. Kufikia mwaka 1996 kiwango cha mjini Bukoba kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 13.3, Muleba ilifikia 4.3 mwaka 1999. Ni kweli kwamba vifo navyo hupunguza hesabu hiyo, lakini watafiti waliona kwamba maambukizi mapya pia yalipungua. Dawa za bure za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa nchini mwaka 2004, baada ya hayo yote.

Kujiamini, basi, si majigambo wala ndoto. Hakukumfufua hata marehemu mmoja. Kulimpa mtu aliye hai sababu ya kutenda leo kwa ajili ya matunda asiyoyaona bado.

Vijana wa leo hawakuishuhudia misiba ile, na dawa sasa zipo. Lakini ugonjwa haujaondoka. Yafaa wawaulize bibi zao. Kila kizazi hakina budi kuamini upya kwamba kesho yake imo mikononi mwake, kisha kitende kama kinavyoamini.