Je, wajua maji ya bahari huzima mwanga wa kwinini?

Nunua chupa ya toniki katika duka lolote la Mtoni, Unguja, kisha uimulike gizani kwa ile taa ya zambarau wanayokagulia noti bandia. Kinywaji kisichokuwa na rangi kitawaka buluu. Kinachowaka ni kwinini, dawa chungu ya malaria, ambayo hutiwa kidogo kwenye toniki ili kuipa ladha yake. Sasa shuka pwani, hapo kwenye magofu ya kasri la Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, uteke maji ya bahari na kuyachanganya na toniki nusu kwa nusu. Buluu yote karibu itoweke. Ukitia maji baridi ya kunywa badala ya hayo ya chumvi, mwanga utafifia kidogo tu, kwa kuwa umeizimua toniki.

Onja kidogo ule mchanganyiko wa bahari: uchungu upo palepale. Kwinini haikuharibika wala kugeuka kitu kingine. Kilichozimwa ni mwanga wake tu.

Mambo hutendeka hivi. Molekuli ya kwinini hufyonza mwanga wa urujuanimno wa taa ile, ambao jicho halioni, ikabaki imejaa nishati kwa takriban nanosekunde 20. (Nanosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa mara bilioni.) Ikiachwa, huitoa nishati ile kama mwanga wa buluu. Lakini chumvi ikiyeyuka majini huachia ayoni za kloridi, na lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 19 za kloridi. Kwa wingi huo, ayoni huigonga molekuli kabla haijawahi kung'aa, na nishati yote ikaishia kuwa joto. Wanasayansi huiita ayoni ya namna hii kizimaji.

George Gabriel Stokes, aliyefundisha Cambridge, ndiye aliyeeleza mng'ao wa kwinini mwaka 1852, wakati Sayyid Said bado akikaa Mtoni. Mwaka 1869 akaona kwamba asidi ya haidrokloriki, ambayo nayo ina kloridi, huupunguza mng'ao huo. Hesabu yenyewe ilingoja hadi 1919, pale Otto Stern na Max Volmer walipoonyesha kwamba kadiri vizimaji vinavyozidi ndivyo mwanga unavyopungua, kwa mlingano mmoja mwepesi. Kwa hiyo ukijua mwanga umepungua kiasi gani, unajua kizimaji ni kiasi gani. Kisima cha pwani kilichoingiliwa na chumvi kinaweza kupimwa kwa njia hii, ingawa kwa kazi hiyo ulimi ni rahisi zaidi. Ulimi haufiki ndani ya seli ya mwili, lakini molekuli za jamii ya kwinini hufika, na watafiti huzitumia kupima kloridi inayoingia na kutoka humo. Oksijeni nayo ni kizimaji hodari, ndiyo maana vipo vipimo vya baharini vyenye rangi inayong'aa ambayo hufifia oksijeni ikiwa nyingi.

Si kila kuzima ni kwa kugongana. Kizimaji kingine hushikamana na molekuli hata kabla haijamulikwa, basi hiyo haing'ai kabisa. Ukitaka kuzitofautisha njia hizi, pasha maji moto: kugongana huongezeka, kushikamana huachia. Njia ya tatu aliieleza Theodor Förster katika miaka ya 1940: nishati huruka kutoka molekuli moja hadi jirani yake bila kugusana, mradi zisiachane zaidi ya takriban nanomita 10.

Ukaribu wa molekuli ndio unaotumika pia katika mashine za GeneXpert, zinazopima kifua kikuu kwenye hospitali nyingi za Tanzania, Bara na Visiwani. Mwaka 1996 Sanjay Tyagi na Fred Kramer, New York, walitengeneza kipande cha DNA kilichojikunja kama pini ya nywele, ncha moja ikiwa na rangi inayong'aa na nyingine kizimaji. Kikiwa kimejikunja, ncha hukutana na kuwa giza. Kikikuta DNA inayolingana nacho, hujinyoosha ili kuishika, ncha zikaachana na rangi ikawaka.

Ndani ya kikopo cha plastiki cha toleo la kwanza la kipimo cha GeneXpert, kilichotiwa makohozi ya mgonjwa, mlikuwa na vipande vitano vya aina hii, kila kimoja kikilinda sehemu yake ya jeni ya bakteria iitwayo rpoB. Chini ya saa mbili majibu yalikuwa tayari. Vyote vitano vikiwaka kwa wakati wake, mgonjwa alikuwa na kifua kikuu kinachosikia dawa ya rifampisini. Vingine vikiwaka na kimoja kikachelewa au kisiwake kabisa, basi pale jeni ilikuwa imebadilika, kipande kimeshindwa kuishika, na daktari alijua kwamba huenda rifampisini isifae kitu.