Kupiga Picha Wanyama Waotao Jua

Watu wengi wakaao katika mitaa ya mashariki ya Nairobi hudhani kwamba mtu hapati picha ya mnyama wa porini asipolipa kiingilio katika Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946. Ni kweli kwamba simba na vifaru wako huko. Lakini katika kuta za mawe za Kaloleni, katika nyua za michongoma, na karibu na jaa la Dandora, wako viumbe wa porini ambao kila asubuhi hutoka kuota jua. Mwenye subira aweza kuwapiga picha bila kulipa hata senti moja.

Kwanza yafaa kujua kwa nini viumbe hao huota jua. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na usiku wake ni wa baridi. Mjusi hana joto lake mwenyewe kama ng'ombe alivyo nalo. Kukipambazuka huwa mzito, hawezi kukimbia upesi wala kuwinda. Kwa hiyo hutambaa mpaka kwenye jiwe lipatalo jua, akalala hapo hata mwili upate moto. Ndipo dume huonyesha kichwa chake chekundu na mwili wake wa buluu. Kinyonga naye hugeuza ubavu wake kulielekea jua na kuufanya uwe mweusi, kwa kuwa rangi nyeusi hupokea joto zaidi. Akisha kupata moto hurudia ukijani wake. Korongo mkubwa mwenye upara hukunjua mabawa yake juani. Jua likizidi ukali, hujinyea miguuni ili apoe, na ndiyo sababu miguu yake iliyo myeusi huonekana kuwa myeupe.

Kwa kuwa mji huu u karibu na ikweta, jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Saa bora za kupiga picha ni tangu saa moja hata saa tatu, wakati mwanga ujapo kwa upande na kuonyesha kila gamba la mjusi. Baada ya saa nne jua huwa juu mno, na vivuli vizito hufunika macho ya mnyama. Mwezi wa Julai na Agosti mawingu huchelewesha jua, na mpiga picha hana budi kungoja kama mjusi angojavyo.

Mpiga picha na aliweke jua nyuma ya bega lake, ainame mpaka awe sawa na mnyama, kisha asogee polepole. Kivuli chake kisimwangukie mjusi hata kidogo, kwani kwa mjusi kivuli kipitacho ghafula ni mwewe. Akishtuka hukimbilia ufa wenye baridi kabla mwili wake haujapata moto, na saa ya kuwinda humpita. Akisumbuliwa hivyo kila asubuhi, hudhoofika. Kwa sababu hiyo si haki kumchokoa kwa kijiti, wala kumng'oa kinyonga katika tawi lake ili awekwe penye maua mazuri zaidi.

Kamera ya bei kubwa si lazima. Mohamed Amin, aliyezaliwa Eastleigh mwaka 1943, na ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984 zilienea duniani kote, alianza utotoni na kamera ndogo ya Box Brownie. Siku hizi hata simu ya mkononi yatosha, mradi mwenye nayo awe na utulivu.

Liko na jambo jingine kubwa. Watoto wengi huwapiga mijusi kwa mawe, na watu wazima humwogopa kinyonga wakidhani ana sumu. Kinyonga hana sumu, wala mjusi huyu wa kutani hana. Wote wawili hula wadudu, wakiwamo wale waharibuo mboga za bustani. Mtoto aliyeonyeshwa picha safi ya mjusi wa ukuta wa nyumba yao, na kuambiwa kwa nini amelala pale, aweza kuliweka chini jiwe alilokuwa ameliokota.